Ultrasaundi ya moyo kwa wakazi wa milimani: tufuate vipimo vya pwani?

TabibuMgeni:
Wenzangu, niko mafunzoni La Paz, Bolivia, na wagonjwa wetu wengi hutoka El Alto, mji ulio takriban mita 4,150 juu ya usawa wa bahari. Juzi nilimpima mama wa miaka 52, muuza mboga aliyezaliwa hukohuko, anayelalamikia kichwa, usingizi wa kukatika na mlio masikioni. Midomo yake ina rangi ya zambarau. Damu inayovuja kurudi nyuma kwenye vali ya trikuspidi (mlango kati ya atiria na ventrikali ya kulia, yaani chumba cha juu na cha chini cha moyo) ilikuwa na kasi ya mita 3.2 kwa sekunde. Himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) ni gramu 20.3 kwa desilita, na kipimo cha kidoleni kilionyesha oksijeni asilimia 84. Nyumbani Dar es Salaam ningeandika bila kusita kwamba shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu limepanda. Je, na hapa niandike vivyo hivyo?

Daktari wa moyo, Moshi:
Ndugu yangu, piga hesabu kwanza ya kugeuza kasi hiyo kuwa shinikizo: 3.2 mara 3.2, kisha mara 4, ni 41. Ukiongeza 5 za shinikizo la atiria ya kulia unapata milimita 46 za zebaki, yaani shinikizo la kilele la mapafuni moyo unaposukuma. Kwa wanaoishi juu ya mita 2,500, mwafaka wa wataalamu unaweka mpaka wa kilele hicho kwenye 50, kwa sababu uhaba wa oksijeni huibana mishipa midogo ya mapafu tangu utotoni na kuta zake hubaki nene. Dante Peñaloza na wenzake wa Peru walipowapima watu wazima wenye afya huko Morococha, mita 4,540, kwa mrija uliopitishwa hadi moyoni, walikuta shinikizo la wastani (si la kilele) ni 28, ilhali wa usawa wa bahari walikuwa na 12.

Kwa hiyo namba hiyo peke yake isikutishe. Itazame ventrikali ya kulia yenyewe: imepanuka kiasi gani, ukuta unaoitenga na ya kushoto umebonyea au la, na pete ya trikuspidi inashuka milimita ngapi kila pigo. Ikishuka pungufu ya milimita 17, nitakuwa na wasiwasi.

Tabibu wa damu:
Nakubaliana na daktari, lakini naona tatizo la mama huyu limo zaidi katika damu. Kwa wanawake wa milimani, himoglobini ya 19 na kuendelea imepita kiasi (kwa wanaume ni 21), na dalili ulizotaja ndizo za ugonjwa sugu wa milimani, ambao Carlos Monge aliueleza huko Peru mwaka 1925. Damu nzito namna hiyo huongeza ukinzani mapafuni, kwa hiyo moyo uliopimwa leo ni moyo unaosukuma damu nzito. Hakikisha pia kwamba hana ugonjwa wa mapafu, na mpime oksijeni akiwa usingizini, maana usiku ndipo hushuka zaidi.

TabibuMgeni:
Nashukuruni sana. Nimezirudia picha: pete inashuka milimita 20 na ukuta haujabonyea. Nitaandika kwamba ventrikali ya kulia inafanya kazi vizuri na kwamba himoglobini imepita kiasi. Binti yake anaishi Santa Cruz, bondeni, na mama ameniuliza kama kuhamia huko kutamsaidia.

Daktari wa moyo, Moshi:
Kutamsaidia. Himoglobini hushuka ndani ya wiki chache, na shinikizo la mapafuni hulegea polepole kwa miezi, hata miaka. Mpime tena kabla hajaondoka, ili watakaompokea wawe na cha kulinganisha.