Kususa mchezo ukishaona umefungwa: siku 14 si za kumkomoa mwenzako

Wakuu, salaam. Uzi huu una hasira, mnivumilie.

Nazungumzia chesi ya polepole ya mtandaoni, ile ya siku 1, 3, 7 mpaka 14 za kufikiria kila mwendo, na hasa wale wanaoisusa. Mnawajua. Mtu anacheza vizuri miendo 25, anajibu ndani ya saa mbili, hata saa 8 usiku yumo. Mwendo wa 26 anatoa malkia bure. Kuanzia hapo kila mwendo unamchukua siku 13 na saa 23. Ukiangalia wasifu wake, taa ya kijani inawaka, yuko hewani anapiga blitzi (michezo ya haraka) za dakika 3, kumi mfululizo. Kwa hiyo si msiba, si safari, wala bando halijakata. Amenuna tu.

Tufanye hesabu, maana wengine wanadhani hili ni jambo dogo. Mfalme na malkia dhidi ya mfalme mtupu: hata kete zikikaa vibaya namna gani, mati (mfalme kunaswa, mchezo kwisha) haizidi mwendo wa 10. Mfalme na ngome: haizidi wa 16. Askofu na farasi, ile inayowatoa watu jasho: 33. Anayefungwa anajibu mara moja pungufu, kwa sababu baada ya mati hana cha kujibu. Sasa zidisha kwa siku 14. Malkia: majibu 9, siku 126. Ngome: majibu 15, siku 210. Askofu na farasi: majibu 32, siku 448. Mwaka na miezi karibu mitatu unamsubiri mtu mwenye mfalme peke yake, anayejua fika hakuna kitakachobadilika! Wachezaji wa chesi ya barua walikuwa na jina la mchezo huu tangu enzi za stempu: ulinzi wa maiti.

Kwa nini inawezekana? Kwa sababu kwenye tovuti za Chess.com na Lichess saa ya chesi ya polepole inajaa upya kila ukisogeza kete. Ukitumia dakika moja, siku zilizobaki hazihifadhiwi. Ukitumia zote, hulipi chochote mwendo unaofuata. ICCF, shirikisho la kimataifa la chesi ya barua lililoanzishwa 1951, lina utaratibu wa kawaida tofauti kabisa: siku 50 kwa miendo 10. Ukilalia mwendo mmoja siku 15, unabaki na 35 za kugawa kwenye miendo 9. Uchelewaji unatoka mfukoni mwako mwenyewe. Kwetu unatoka mfukoni mwa mwenzako, ndiyo maana wasusaji wamestarehe.

Na kwenye mashindano ya makundi ni balaa zaidi. Raundi ya pili haianzi mpaka makundi yote yamalize michezo yao. Msusaji mmoja mwenye malkia pungufu anawafungia mlango watu ambao hata hajacheza nao.

Msinielewe vibaya. Kukaa siku 2 kwenye mchezo wa siku 3 si utovu wa adabu. Mlikubaliana siku 3, ni zake. Tena kuna kundi la pili linaloniudhi karibu sawasawa: wenye kiherehere. Mchezo ni wa siku 7, saa sita hazijapita, ujumbe umeshaingia: "Sogeza basi." Kisha "??". Kisha anaomba sare. Unakataa, mwendo unaofuata anaomba tena, na tena. Sare inaombwa mara moja. Ikikataliwa, ngoja mpaka sura ya ubao ibadilike kweli, kwa mfano malkia wametoka wote au kete zimerudi palepale mara mbili. Ukitaka majibu ya papo kwa papo, blitzi ipo, hakuna aliyekuzuia.

Nusu ya ugomvi huu inaanzia kwenye kuchagua muda bila kufikiri. Mchezo wa siku 1 maana yake ni saa 24 tangu mwenzako asogeze, si "kesho wakati wowote". Akisogeza saa 1 asubuhi ukiwa kazini, ukajibu saa 3 usiku, naye kesho yake akajibu saa 5 asubuhi, ile saa yako ya kawaida ya kukaa kwenye ubao inahamahama, na ukisafiri kwa basi siku nzima umekwisha. Siku 3 inamtosha mtu mwenye kazi na familia. Siku 14 chukueni mkijuana tu: miendo 40 kila upande inaweza kula siku 1,120, miaka mitatu na ushee.

Halafu idadi. Mtu anafungua michezo 40 ya siku 3 kwa mkupuo kwa sababu Jumamosi alikuwa na nafasi. Wapinzani wakijibu haraka, hiyo ni miendo 13 kwa siku kwa uchache, na ukiupa kila mmoja dakika 10 tu, ni zaidi ya saa mbili kila siku, Jumapili na sikukuu humo. Wiki ya pili anazidiwa, michezo inaanza kupotea kwa kuishiwa muda, na wapinzani wanapewa ushindi ambao hakuna aliyeutaka. Michezo 6 hadi 8 inatosha kabisa.

Nawasilisha. Wasusaji karibuni mjitetee.

#2
Mkuu, hasira zako nazielewa ila umechanganya mambo mawili. Hakuna kanuni inayomlazimisha mtu kusalimu amri. Mfalme mweusi yuko kona ya ubao, a8, hana kete nyingine. Mweupe anakurupuka na kuweka malkia c7: a7, b7 na b8 zote zimeshikwa, mfalme hajapigwa shaha (hashambuliwi), hana pa kwenda. Sare. Vijana wanaoanza wanaangukia hapo kila siku. Kwa nini nikupe ushindi kabla hujaonyesha kwamba unajua kufunga?

#3 (mwenye uzi)
#2, hilo sijalipinga. Cheza mpaka mati kama unataka, ila kwa kasi uliyoanza nayo. Kama ulikuwa unajibu ndani ya saa mbili ukiwa sawa, jibu ndani ya saa mbili ukiwa umefungwa. Tena ukitaka akosee, unamnyima nafasi ya kukosea ukimpa wiki mbili za kuutazama ubao. Makosa ya namna hiyo hutokea mtu akiwa na haraka.

#4
Niongeze la kiufundi, maana watu wanalalamika na dawa ya nusu ya tatizo ipo. Tumieni miendo ya masharti. Ikiwa ni zamu ya mpinzani, fungua ubao wa uchambuzi ndani ya mchezo huohuo, sogeza ule mwendo unaodhani ataufanya, weka jibu lako, endelea mpaka unapoona uhakika unaisha, kisha hifadhi. Akisogeza ulivyotabiri, jibu lako linatoka lenyewe sekunde hiyohiyo na saa yake inaanza tena. Msusaji hatakimbia, lakini angalau siku zako wewe hazimo.

Tahadhari: weka pale tu ambapo jibu lako ni moja. Kubadilishana kete ("akila kwa farasi d5, nami nakula kwa kitunda", yaani kete ndogo ya mbele) ni salama. Usiweke mnyororo wa miendo sita kwenye ubao ulio wazi, na soma upya kabla ya kuhifadhi: mwendo wa masharti ukishatoka, umetoka. Makosa mengi ni ya mtu aliyetabiri kwamba mpinzani atakula kwa kitunda cha safu ya c, kumbe ameingiza cha safu ya e, na mpangilio mzima umeacha njia.

#5
Na likizo je? Chess.com ukiwasha likizo, saa za michezo yako ya polepole zinasimama. Iliwekwa kwa ajili ya ugonjwa na safari. Sasa kuna mabingwa wanaiwasha saa yao ikibakiza dakika 20, mati ikiwa mlangoni. Kanuni imeruhusu, sawa, ila ustaarabu ni ujumbe wa mstari mmoja: "Nasafiri, narudi tarehe 12." Herufi thelathini hazimalizi bando la mtu.

Pia kabla ya kukubali mwaliko wa mgeni, fungua wasifu wake usome vitu viwili: asilimia ya michezo aliyopoteza kwa kuishiwa muda, na wastani wake wa muda kwa mwendo. Kwenye asilimia kumi, mimi hata sigusi kitufe.

#6
Mmesahau wanaofungua injini (programu ya kompyuta inayotafuta mwendo bora) "kuhakiki tu". Chesi ya polepole inaruhusu vitabu na hifadhi ya michezo iliyopita kwa ajili ya ufunguzi, yaani miendo ya mwanzo. Injini hairuhusiwi, si Chess.com si Lichess. ICCF wanairuhusu, kwa hiyo mwenye hamu nayo aende huko akakutane na wenzake wenye mashine. Kumuuliza rafiki "hapa ungefanyaje?" mchezo ukiwa bado hai ni kosa lilelile, hata mkiwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

#7
Mnawasema wanaofungwa tu. Mbona hamuwagusi washindi? Kuna mtu ana mati ya mwendo mmoja, anaiona, anaiacha siku tano ili "mwenzake aive". Huyo naye tumwiteje?

#8 (mwenye uzi)
#7, huyo ni msusaji aliyeshinda. Anaingia orodha ileile, mstari wa kwanza.

#2
Hapo mkuu tuko pamoja. Ila malkia c7 bado nitaisubiri.