Unguja mbali na Forodhani na Nungwi: twende wapi na mama mkwe?

MkeWaFundi

Habari za humu jamani. Mwezi wa saba mimi na mume wangu tunavuka tena kwenda Unguja, safari hii na mama mkwe, mama wa Kihehe ambaye bahari ameiona kwenye kalenda tu. Mara ya kwanza tulifuata mkumbo: mishikaki na urojo Forodhani, kobe wa Changuu, mashamba ya viungo, kisha Nungwi kuangalia jua likizama katikati ya umati wenye simu juu. Hatukujuta. Ila nilirudi Iringa sijazungumza na Mzanzibari hata mmoja isipokuwa aliyekuwa ananiuzia kitu.

Sasa nauliza: kuna sehemu ambazo watu wanaendelea na maisha yao na mgeni anaweza kupita bila kuwa kero? Mama haogelei, magoti yanamsumbua kidogo, ni mtu wa kanisa, na hataki kukaa karibu na watu "wanaotembea nusu uchi" (maneno yake hayo). Gari ya kukodi kutwa hatuiwezi, daladala tumezizoea. Na mwenye kuijua Tumbatu aniambie, mimi naiona kwenye ramani tu.

Dogo_Kendwa

Dada, mimi nafanya kazi huku kaskazini, acha nikwambie ukweli. Huko vijijini mtaboreka siku ya kwanza tu. Usiku hakuna pa kwenda, na ufukweni mnafika bahari haipo. Njooni Kendwa, maji hayakimbii, mama anakaa chini ya mwavuli na dafu lake. Kazi imeisha.

ShangaziWaMuyuni

Dogo kasema la maana bila kukusudia. Kendwa maji hayendi mbali; upande wa mashariki yanakwenda kweli kweli. Basi mwanangu, kabla hujauliza mwende wapi, tazameni mwezi.

Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ndiyo bamvua. Asubuhi mnamo saa nne maji yamepwa mpaka mawimbi unayaona mstari mweupe kule mwambani. Saa kumi jioni yamerudi yamejaa. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapwi sana wala hayajai sana. Mgeni asiyejua hili hufika Jambiani saa nne ya bamvua, akapiga picha ya mchanga mtupu, akawaambia wenzake katapeliwa. Mama mkwe wako asiyeogelea, hiyo ndiyo saa yake. Mvisheni viatu vya plastiki, maana kuna wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, wakikuchoma hulali. Mwende taratibu. Mtawakuta kinamama kwenye mwani, wameinama kwenye vigingi na kamba. Kilimo hiki cha biashara kilianza 1989 na mpaka leo kazi kubwa ni ya wanawake. Salimieni kwanza, simu ikae mfukoni. Mkikaribishwa mazungumzo mtaambiwa bei ya mwani mkavu kabla hamjauliza, na mtaambiwa kwa hasira.

Bamvua hiyo hiyo nendeni Uzi. Ni kisiwa, lakini gari inafika: njia imepita katikati ya mikoko, maji yakijaa inazama, yakipwa inaonekana. Saa za gari wameiachia bahari ipange. Ingieni asubuhi, na mkishuka tu muulizeni dereva anarudi lini. Akisema saa sita ni saa sita, si ile saa sita yetu ya harusi. Uzi hakuna cha kukatiwa tiketi. Kuna mikoko, wavuvi wanatengeneza nyavu, watoto wanatoka skuli, basi. Mie naipendea hilo.

Kizimkazi kila mtu anapelekwa kwa ajili ya pomboo. Sikushaurini. Boti zinamzunguka mnyama, watu wanajirusha majini karibu amwangukie mgongoni, halafu wanasema wameogelea naye. Nyinyi shukeni Dimbani, hapo hapo Kizimkazi, kwenye msikiti. Kwa nje ni jengo la kawaida lenye paa la bati, usipoambiwa utalipita. Ndani, pale kwenye kibla, kuna maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, yaliyochongwa, yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Na bado watu wanasali humo, kwa hiyo mnangoja swala iishe, mnaomba ruhusa kwa anayeutunza, viatu nje, kichwa kifunikwe. Mtu wa kanisa khanga ya kujitanda haikosi.

Kama tarehe zenu zinasogezeka, zisogezeni ziangukie Mwaka Kogwa, Makunduchi, katikati ya mwezi wa saba kuelekea mwisho. Ni mwaka mpya wa kizamani, asili yake Nairuzi ya Waajemi. Wanaume wa pande mbili za mji wanapigana kwa vigogo vya migomba kutoa vinyongo vya mwaka mzima, kisha kibanda cha makuti kinatiwa moto na aliyemo ndani anachomoka mbio. Wanawake wamevaa nguo mpya wanapita wakiimba, na nyimbo nyingine ni bora mama mkwe asizielewe. Umesema ulirudi hujazungumza na mtu. Makunduchi siku ile wanaamini nyumba isiyopata mgeni ina mkosi. Utaitwa ndani, utalishwa, na ukikataa ndipo utakuwa kero.

Tumbatu iacheni mpaka mpate mwenyeji. Mashua zinaondokea Mkokotoni na si mbali, lakini wenyewe hawana haja ya watalii na hawafichi. Anayekwenda anaanzia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini, anajieleza. Msitegemee nyumba ya kulala wageni.

Fundi_Bububu

Nyongeza ndogo. Siku ya kufika msikimbilie kusini na uchovu wa boti. Pandeni daladala namba 502 mpaka Bububu, halafu mpande juu Kidichi kwenye hamamu, yaani bafu za kale. Sultani Seyyid Said aliijenga 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Haina ukubwa, magoti ya mama hayatalalamika, na kuta zimenakshiwa maua na ndege. Njiani mnapita Mtoni, jumba alilozaliwa Seyyida Salme, binti wa Sultani huyo, mwaka 1844, yule aliyetoroka na Mjerumani. Limebaki magofu, ila upepo wa pale mchana mtaupenda.

Mchumaji_Wete

Nyote mnaongea kama Zanzibar ni Unguja. Huku Pemba mwezi wa saba karafuu zinaanza kuchumwa, zinaanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, utanusa kisiwa kabla hujakiona vizuri. Kuna Kidike, popo wakubwa wa Pemba wamening'inia mitini mchana kama miavuli iliyokunjwa, na hawapatikani popote pengine duniani. Kuna msitu wa Ngezi, na ufukwe wa Vumawimbi ambao unaweza kuukuta una ng'ombe tu. Walinzi wa mwavuli hatuna.

Tahadhari moja: karafuu kavu mnunuzi ni ZSTC peke yake, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Mtu akikuita uchochoroni akuuzie gunia, piteni. Na boti za huku haziendi kila siku, mpange kurudi kabla ya kupanga kuja.

ShangaziWaMuyuni

Mpemba kashafika, nilikuwa nakuhesabia dakika. Anasema kweli, lakini kwa siku chache na mama mzima, kisiwa kimoja kinatosha. Pemba ije safari yake.

MkeWaFundi

Shikamoo shangazi, na asanteni wote. Mume wangu kashaanza kutafuta mwezi utaandama lini, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue. Tumekubaliana: Kidichi siku ya kwanza, kisha Makunduchi na Uzi, Pemba nimeiweka moyoni. Mawili yamebaki. Gari za kusini tunapandia wapi tukishuka bandarini? Na mama ni Mkatoliki, Jumapili hakosi misa hata iwe nini.

Halafu la aibu kidogo. Safari ile ya kwanza askari wa hoteli moja alituzuia kupita ufukweni, akasema ni wa wageni wao. Tuligeuka. Hili nalo tutalikuta huko?

ShangaziWaMuyuni

Marahaba mwanangu. Vituo vimehamahama na ujenzi wa barabara, nisije nikakupoteza. Ukitoka bandarini ulizia gari ya Mwanakwerekwe. Za kusini zinapita hapo. Mama akae mbele kwa dereva, mseme mapema kabla hajapanda mwenye ndoo ya samaki. Kurudi msingojee magharibi, alasiri muwe mmeshasimama barabarani.

Misa ni mjini, Minara Miwili, kanisa linaonekana kutoka mbali. Jumamosi mlale mjini ili asubuhi mama aende kwa miguu.

La askari: ufukwe ni wa watu wote, wavuvi wanapita hapo kila siku na hakuna anayewauliza. Pita chini, kwenye mchanga uliolowa, usikanyage bustani wala vitanda vyao. Akikuzuia msalimie, mwambie unakwenda mbele, endelea kutembea. Maji yakiwa yamejaa mpaka kwenye ukuta wao hapo hapapitiki hata kwa haki, kwa hiyo hata hili tazameni mwezi.

Tarehe ya Kogwa ikitajwa nitaiandika hapa hapa. Nguo za mama zisiwe nyeupe, majivu yale hayatoki.