Kanga nyekundu na majani ya mkorosho vyageuka kijivu kimoja

Mkazi wa Mikindani:
Wataalamu, habari zenu. Nina picha ya mama anayeokota korosho, amejifunga kanga nyekundu na nyuma yake kuna majani mabichi ya mkorosho. Kwenye rangi anaonekana vizuri sana, lakini nikiondoa rangi kwa simu, kanga na majani vinafanana kabisa, na anga linakuwa jeupe tupu. Je, tatizo ni kamera au ni namna ninavyoigeuza?

Fundi Picha, Lindi:
Ndugu, kamera haina tatizo. Kila pikseli, yaani nukta ndogo ya picha, hubeba viwango vitatu, yaani nyekundu, kijani na bluu, kila kimoja kati ya 0 (giza) na 255 (mwanga kamili), na programu nyingi hutafuta kijivu kwa kuchukua takriban asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya bluu, kwa sababu jicho la binadamu huuona mwanga wa kijani zaidi kuliko mwingine. Chukua kanga yenye nyekundu 200, kijani 30 na bluu 40: kijivu chake ni 82. Jani lenye 70, 110 na 50 linapata 91. Hapo huwezi kuvitofautisha.

Fungua picha ya rangi kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, kisha uchanganye chaneli (yaani hizo rangi tatu) mwenyewe. Ukiweka nyekundu 70, kijani 40 na bluu −10, kanga inapanda hadi 148 na jani linashuka hadi 88. Jumla ibaki 100, ili picha nzima isififie wala isiungue, yaani isiwe nyeupe tupu.

Mpenda Magofu, Kilwa:
Naunga mkono, ila uangalie uso wa mama, kwa maana nyekundu ikizidi humulika ngozi mpaka mikunjo yake ipotee, na kwangu mimi uso una thamani kuliko kanga. Bluu nayo usiitegemee. Chembechembe zinazochafua picha hujaa huko.

Nikipiga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, chaneli nyekundu hutia giza anga la bluu na kuta za matumbawe zikajitokeza. Lakini anga lako likiwa limeungua tangu kamerani, chaneli zote tatu zimefika 255 na hakuna mchanganyo utakaolirudisha. Punguza mwanga unapopiga, na kama simu inaruhusu, hifadhi faili ghafi (RAW), ambalo kamera haijalichakata, badala ya JPEG, faili la kawaida lililobanwa.

Mkazi wa Mikindani:
Ahsanteni sana. Nimeishia nyekundu 60, kijani 45 na bluu −5: kanga imejitenga na majani, na mikunjo ya uso ipo.