Naombeni ushauri, muvi naiangalia mpaka mwisho ila sibaki na kitu

Wadau habari zenu. Siku hizi nikiweka muvi haifiki hata katikati nishashika simu, mkono unaenda wenyewe tu. Nikikuta sehemu watu wamekaa kimya wanatazamana nasogeza mbele sekunde 10, au naweka spidi 1.5, halafu baadae mtu akiniuliza yule dada kwanini aliondoka nyumbani sina jibu, kumbe jibu lilikuwa kwenye ule ukimya niliouruka.

Kuna utafiti ulitoka 2001, ulifanyika kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Metropolitan Museum kule New York, watu walikuwa wanatumia wastani wa sekunde 27 hivi kwa mchoro mmoja, na hapo wameshasoma na kibao cha maelezo. 2001 hiyo, simu janja bado hazijaenea! Kwahiyo sio simu peke yake, ingawa hii ya video kujicheza yenyewe na kuskroli kusikoisha imewekwa makusudi usipate pa kusimama.

Kinachonishangaza klipu fupi fupi naangalia saa nzima sichoki, ila filamu ya masaa mawili naiona mzigo. Msiniambie nifute app zote, kazi yangu iko humo humo.

Nyie mnaofuatilia filamu na sanaa kwa umakini mnafanyaje, mnarudia mara ya pili, mnaandika vitu pembeni, au simu mnaiacha chumba kingine? Na ukisimama kwenye mchoro mmoja dakika kumi unakuwa unatazama nini hasa? Hapo ndo sielewi kabisa.