Nadharia tatu za sosholojia zinanichanganya, mwenye uelewa anisaidie

Binti wa Kondoa
Habarini wakuu. Niko mwaka wa kwanza chuo hapa Dodoma, wiki ijayo tuna testi ya utangulizi wa sosholojia. Madesa ninayo na nimeyasoma sana, Durkheim kasema hivi, Marx kasema vile, Mead naye huyo, ila nikifunga daftari siwezi kumwelezea hata rumeti wangu. Uamilifu, migogoro na mwingiliano wa ishara, ipi ndo ya kweli? Lekchara anasema zote zinatumika na mi naona zinapingana kabisa, moja inasema jamii inashikamana nyingine inasema watu wananyonyana. Naombeni mifano ya huku kwetu, ya viwanda vya Ulaya imenishinda kuishika.

Kaka Area D
Pole mdogo wangu, wengi wanakwama hapo kwa sababu wanabebeshwa majina kabla ya kuambiwa kila mmoja alikuwa anauliza nini. Lijue swali, jibu utalitafuta mwenyewe.

Chukua michango ya harusi. Mtu wa uamilifu anauliza, hii inaishikaje jamii? Ataona ukoo unakutana, majirani na wa ofisini wanaweka hela, leo kwako kesho kwangu, undugu unaendelea. Hapo Robert Merton mwaka 1949 alitofautisha kazi inayokusudiwa na kazi iliyojificha, ukiliandika hili umepata maksi. Inayokusudiwa ni sherehe ifanyike. Iliyojificha ni vile vikao vya kamati, watu humo wanaunganishiana kazi, viwanja, mpaka wachumba wanapatikana. Tena Merton hakusema kila kitu kina faida tu, mtu anayekopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ili achange naye yumo kwenye hesabu kama hasara.

Mtu wa migogoro anauliza nani ananufaika na nani anaumia. Marx mwenyewe aliongelea zaidi wenye mitaji na wenye nguvu kazi, siyo michango ya harusi, ila swali lake linafika hata huku, mlinzi anawekewa kiwango kilekile cha bosi wake na akishindwa hapati kadi, mwenye ukumbi yeye kalipwa.

Wa mwingiliano anashuka chini kabisa kwa watu wenyewe, anauliza hii kadi kwao ina maana gani. Kadi ya singo na ya dabo zote karatasi, ila ukipewa ya singo na una mke mnaweza msilale vizuri siku hiyo. Halafu ile orodha ya ahadi kwenye grupu la WhatsApp, jina lako halina tiki na kila mtu anaona, hakuna askari aliyekuja kwako lakini unalipa. Mawazo haya msingi wake ni Mead, alifundisha Chicago na alifariki 1931, jina la nadharia likatolewa na Herbert Blumer mwaka 1937. Kwa hiyo hazipingani, kila moja na swali lake.

Mwalimu Mpwapwa
Kaka umeeleza vizuri sana ila hapo mwisho nakukatalia, zinapingana na asiogope kuliandika hilo. Mwaka 1945 Kingsley Davis na Wilbert Moore, watu wa uamilifu, walisema tofauti ya kipato ni lazima iwepo ili kazi ngumu na muhimu zipate watu wenye uwezo. Melvin Tumin akawajibu 1953, nani kapima kwamba kazi hii ni muhimu kuliko ile, na huyo mtoto wa maskini mwenye kipaji ambaye hakufika shule mmemhesabu wapi? Hapo wanajibu swali moja na majibu hayakai pamoja.

Na binti anataka ya kwetu, nasi tunayo. Nyerere mwaka 1962 aliandika kwamba ujamaa wa Kiafrika haukuanzia kwenye tabaka zinazogombana, ulianzia kwenye familia, kwamba watu wote ni ndugu. Mwaka 1976 Issa Shivji akaja na hoja nyingine, kwamba ndani ya Tanzania hiyohiyo kuna tabaka la warasimu, yaani vigogo wa ofisi za serikali, wanaoshika mali ya dola na mapambano ya kitabaka yapo. Nawapenda wote wawili, lakini kwenye hili huwezi kuwakubali wote.

Durkheim wa uamilifu naye msimwache. 1893 alieleza mshikamano wa watu wanaofanana na wa watu wanaotegemeana. Kijijini watu wanalima mtama na karanga, wanasali pamoja, anachojua huyu na yule anakijua, wanashikana kwa sababu wanafanana. Njoo mjini, wa bodaboda, mama lishe na karani wa Mtumba kwenye mji wa Serikali hawafanani chochote ila mmoja akigoma wengine wanakwama.

Binti wa Kondoa
Asanteni jamani nimeanza kuona mwanga. Nijaribu, kodi za vyumba huku. Mi nimehangaika kupata chumba nikadhani ni bahati yangu mbaya, kumbe wenzangu wengi ni hivyohivyo. Hiyo ni ile ya Mills?

Kaka Area D
Ndo yenyewe! C. Wright Mills 1959, shida binafsi na suala la umma. Yeye alitumia ajira, kwenye mji wa watu 100,000 mmoja tu akikosa kazi unamwangalia yeye mwenyewe, lakini wakikosa milioni 15 kati ya milioni 50 tatizo liko kwenye mfumo. Ya kwako unganisha na Serikali kutangaza kuhamia huku mwaka 2016, watumishi wakaja, wanafunzi wapo, vyumba havikuongezeka kwa spidi ile. Na Mwalimu nimekuelewa, nafuta ile ya "hazipingani".

Mwalimu Mpwapwa
Hapo kwenye kodi mwongezee na Weber, maana Marx atakupa mwenye nyumba na mpangaji tu. Weber alitenganisha tabaka la kiuchumi, heshima na chama, yaani kundi linalotafuta madaraka. Kuna mwenye nyumba sita hana heshima mtaani, na kuna mwalimu mstaafu amepanga chumba kimoja lakini kikao cha mtaa hakianzi hajafika. Swali likija la maksi 10 anzia hapo, halafu kaida (kanuni za jamii za namna ya kuishi) na hadhi (nafasi ya mtu kwenye jamii) pitia jioni moja zinatosha.