Naomba ushauri: Ami anasimulia vita vya Somalia, mtaa umegawanyika

Assalamu alaikum ndugu zangu. Niko Langoni, Lamu. Ami yangu alikuwa mwanajeshi. Alivuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011 Linda Nchi, operesheni ya jeshi la Kenya dhidi ya al-Shabaab, ilipoanza, na mwaka wa 2012 alikuwako Kismayo al-Shabaab walipoondolewa mjini. Miaka yote hakutamka neno.

Ramadhani iliyopita akafunguka. Baada ya tarawehe alikaa barazani akasimulia, na wala hakujisifu. Alieleza mvua iliyokwamisha magari njia ya Afmadow, na rafiki aliyemfia mikononi akiomba maji. Nilimrekodi kwa simu, kwa idhini yake, nikatuma kwenye kundi la ukoo.

Hapo ndipo pakaharibika. Vijana walimshukuru kwa machozi. Wazee wengine, tangu yale mashambulizi ya Mpeketoni, hapa Lamu, 2014, wanaogopa maneno haya yatatuletea balaa. Na sisi Wabajuni tuna ndugu wa damu Kismayo; jirani mmoja, mama wa makamo, aliuliza, "Na wetu waliokufa kule, nani atawasimulia?" Swali lile lilinichoma, kwa kuwa ana haki ya kuuliza.

Sasa Ami amenyamaza tena. Usiku halali, namsikia akitembea darini.

Nimwombe aendelee, nihifadhi sauti kwa ajili ya wanawe tu? Au nimkutanishe na yule mama, wasikilizane faraghani? Mwenye mzazi au mume aliyerudi vitani, tafadhali nielezeni mlianzaje kuzungumza naye. Na kama kuna mshauri nasaha hapa Pwani anayeelewa wanajeshi, nielekezeni.