Katoni sita za vitabu vya marehemu baba: maktaba au muuza njugu?

NyarAhero:
Hamjambo wanajukwaa. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Ahero. Alituacha mwaka jana, na vitabu vyake, katoni sita, vikaniangukia mimi. Naishi chumba kimoja Nyalenda, Kisumu. Katoni moja sasa ndiyo meza ya runinga. Jana mama anayeuza njugu pale sokoni Kibuye aliniambia atanunua zote kwa kilo, karatasi afungie njugu. Nusura nikubali. Kilichonizuia ni mwandiko wa mzee. Vingine amevijaza penseli pembeni mwa kurasa, Kijaluo na Kiswahili pamoja, mara anakubaliana na mwandishi, mara anamkaripia. Je, maktaba ya umma hapa Kisumu itavipokea?

Wa_Kondele:
Pole kwa msiba, dada. Lakini tuambiane ukweli, nani anaenda maktaba siku hizi? Simu yangu ina vitabu mia mbili. Uza, ulipe kodi ya nyumba.

MkutubiMstaafu:
Pole sana, binti yangu. Nilifanya kazi ya maktaba mpaka nikastaafu, sasa niko Nakuru nafuga kuku.

Usibebe katoni zote kwa bodaboda ukazibwaga mlangoni. Nenda kwanza na orodha: jina la kitabu, mwandishi, mwaka. Vitabu vya kiada vya mtaala wa zamani wa 8-4-4 usitegemee vitachukuliwa, maana mtaala ulianza kubadilika 2017. Hivyo mpe mama wa njugu bila kinyongo. Mimi wasiwasi wangu ni vile vyembamba visivyovutia macho: historia ya kanisa la kijijini, methali za Kijaluo zilizopigwa chapa nakala chache, makaratasi ya mradi wa mpunga wa hapo kwenu. Hivyo havimo kwenye simu ya mtu. Vikishafungiwa njugu, basi.

Vyenye penseli ya baba usipeleke popote. Nakwambia hivyo kwa sababu kazini tulikuwa tunafuta penseli kwa raba, tena kwa bidii! Na ukurasa uliochanika usiubandike selotepu, gundi yake hugeuka kahawia na kuchafua karatasi.

Wewe wa Kondele, hivyo mia mbili ni vyako kweli? Mwaka 2009 Amazon, duka la mtandaoni, ilifuta riwaya ya George Orwell, 1984, kwenye Kindle (vifaa vyake vya kusomea vitabu) za watu waliokwisha kuilipia, kwa kuwa aliyeiweka sokoni hakuwa na haki nayo. Pesa walirudishiwa. Ila kuna mwanafunzi Marekani alikuwa ameandika maelezo yake humo kwa kazi ya shule, yakabaki yananing'inia bila kitabu. Penseli ya mwalimu wa Ahero bado iko pale pale alipoiandika.

Na wanaokuja maktaba ni hawa: watoto wanaolala chumba kimoja na wadogo zao watano. Wanatafuta meza, taa na kimya. Wengi hawagusi hata kitabu chetu kimoja, wanakuja na vyao. Nilipokuwa kijana kazini nilikuwa nawafukuza, ati wanajaza viti. Najuta mpaka leo.

Wa_Kondele:
Sawa mzee, umenipiga. Lakini hiyo meza mnaifunga mapema, na mimi hutoka kibaruani saa kumi na mbili jioni.

MkutubiMstaafu:
Hapo sina jibu, mwanangu. Hata sisi wa ndani tulilalamika.

NyarAhero:
Asante sana mzee. Orodha imefika vitabu arobaini na kimoja, vyenye penseli nimeviweka chini ya kitanda. Katoni mbili za kiada zimeenda Kibuye. Mama alipozipima alichomoa kitabu cha hadithi nilichokuwa nimekichanganya humo kwa bahati mbaya, akauliza bei yake peke yake. Ana mtoto gredi ya tano. Nilimpa bure, naye akakataa niondoke mikono mitupu. Nimefika nyumbani na njugu zimefungwa kwa ukurasa wa hesabu za kugawanya, jibu la swali la nne limekosewa.